Mchanga wa Mwalimu Silvano Ekeno Lotukoi, 1932–1985

Jumanne tarehe 12 Februari 1985, saa tano kasorobo asubuhi, Mama Jecinta Akai alikuwa nyumbani Bulla Pesa, mjini Isiolo, akinyunyizia mchanga maji. Mchanga huo uko upande wa kulia wa uwanja, umezungushiwa mawe, na ukubwa wake ni kama wa mikeka miwili. Mume wake, Mwalimu Silvano, alikuwa amelazwa hospitalini kwa wiki ya tatu, lakini alikuwa ameagiza mchanga usiachwe ukauke kwa sababu Jumamosi alitaka kufundisha. Mchanga mkavu haushiki mstari.

Mlango wa mabati ulifunguliwa, akaingia Nakiru, binti yao mkubwa, aliyekuwa ameamkia hospitalini. Katika nyumba hiyo hakuna mtu aliyewahi kukanyaga mchanga wa mwalimu. Wajukuu walifundishwa kuuzunguka kabla ya kufundishwa kuhesabu. Wageni waliambiwa mlangoni. Hata kuku walijua. Nakiru alikuja moja kwa moja, akaukanyaga katikati, hatua tatu, wala hakuona alichofanya. Mama Jecinta aliweka kopo chini.

"Basi," alisema. "Ameenda."

"Ameenda, mama. Saa nne kamili. Nilikuwa nimemshika mkono."

Walikumbatiana pale pale wakalia. Walipotulia kidogo, Mama Jecinta alitazama zile nyayo tatu kwenye mchanga uliolowa, akasema, "Baba yako angekuwa hapa angekuuliza, umepita 'across' ama 'around', umeukata mchanga ama umeuzunguka?" Nakiru akacheka huku machozi yakimtoka. Ndivyo habari ya msiba ilivyofika nyumbani, na familia inamshukuru Mungu kwamba hata saa ile mwalimu alikuwa bado anawachekesha watu wake.

Silvano Ekeno Lotukoi alizaliwa Kipsing mwezi wa Juni mwaka 1932, mtoto wa tatu wa Mzee Lotukoi na Mama Aule. Siku yenyewe haikuandikwa. Mama yake alikumbuka tu kwamba siku hiyo hiyo mbuzi mweusi alizaa mapacha, na mwalimu alipenda kusema kwamba mapacha hao walishangiliwa kuliko yeye.

Alianza shule mwaka 1943, akiwa na miaka kumi na moja, katika shule ya misheni upande wa Meru, mwendo wa siku tatu kwa miguu kutoka kwao. Alibatizwa huko tarehe 25 Desemba 1945. Kiingereza kilimsumbua sana. Jumamosi moja padre alimpa baiskeli yake na kumwambia kwa Kiingereza aiache 'by the church', kando ya kanisa. Kwa lugha aliyoijua Silvano, kanisani ni kanisani. Aliisukuma mpaka ndani, akaiegemeza mbele ya altare, akaipangusa kwa kitambaa ikang'aa. Saa nne maharusi wakafika. Baiskeli ilikuwa imesimama pale pale pa kupigia magoti, na mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Na huyu naye amekuja kuoa nani?" Silvano aliandikishwa neno 'by' mara mia mbili. Baadaye alisema kwamba siku hiyo ndipo alipoelewa kuwa Mwingereza hapati usingizi mpaka ajue kitu kiko ndani, juu, kando ama nyuma. Tangu hapo yale maneno madogo hayakumshinda tena. Alifaulu KAPE, mtihani wa kumaliza shule, mwaka 1951, akaenda chuo cha ualimu na kumaliza Desemba 1954.

Januari 1955 alipelekwa kufundisha Garbatulla. Huko alikutana na Dabaso Kalicha, kijana wa rika lake, mchungaji aliyekuja kuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Dabaso hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Silvano hakuwa na hata ndama. Kila mmoja alimwona mwenzake ni mtu wa kuhurumiwa, na kwa hivyo wakawa marafiki. Silvano alimsomea Dabaso barua zake. Dabaso alimfundisha Silvano kukamua ngamia bila kupigwa teke. Mwaka 1964, hali ya usalama ilipoharibika na mwalimu kuhamishiwa Isiolo mjini, sanduku la vitabu vyake lilibebwa na ngamia wa Dabaso, na Dabaso mwenyewe akatembea mbele mpaka alipomfikisha salama. Mwalimu alifundisha Kiingereza katika shule za msingi za mji huu kwa miaka ishirini na moja, na wengi wanaosoma karatasi hii walipita mikononi mwake.

Jumamosi tarehe 18 Aprili 1959 alifunga ndoa na Jecinta Akai. Bwana harusi alifika kwa baiskeli ya kuazima, akaiegemeza nje kwenye ukuta, na kabla ya kuingia akamwonyesha kila mtu ilipo. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mama Jecinta hakusoma shule, lakini dirisha lake la jikoni lilitazama uwanja, na masikio yake yalikuwa mazuri.

Jambo linalofuata mwalimu mwenyewe aliagiza lisomwe siku ya leo, na familia imemtii.

Mwezi wa Agosti 1975 kulikuwa na kiangazi kikali. Dabaso alikuja Isiolo kumwomba rafiki yake amwandikie barua ya kuomba pamiti, ile karatasi ya kuruhusu mifugo kusafirishwa, ili alete ng'ombe arobaini na wawili sokoni Isiolo. Mwaka huo kulikuwa na ugonjwa wa miguu na midomo, na ng'ombe hawakuruhusiwa kupita njia ambayo haikuandikwa. Mwalimu alikuwa anasahihisha mitihani. Alichukua kalamu akaandika barua nzuri ya Kiingereza bila kufuta hata neno moja: ng'ombe watatoka Garbatulla, watapitia Kula Mawe, watafuata barabara kuu mpaka Isiolo. Aliandika hivyo kwa sababu ndiyo njia aliyoijua yeye, njia ya malori. Hakumuuliza Dabaso kitu. Dabaso aliikunja karatasi akaitia ndani ya kofia yake na kushukuru.

Lakini visima vya barabarani vilikuwa vimekauka, na tangu mwanzo Dabaso alikusudia kufuata mto Ewaso Nyiro mpaka Gotu ili ng'ombe wanywe. Walipofika kwenye kizuizi cha Gotu, askari aliisoma pamiti, akatazama ng'ombe, akasoma tena.

"Mzee, karatasi yako iko Kula Mawe. Wewe unafanya nini hapa?"

Askari alikuwa anafanya kazi yake. Ng'ombe walirudishwa walikotoka. Kumi na tisa walianguka njiani wakafa.

Mwalimu alipopata habari alipanda lori kwenda Garbatulla akiwa na mitamba wawili, wote aliokuwa nao wakati huo. Dabaso alimpokea vizuri, akamkalisha kivulini, akampa chai ya maziwa matupu.

"Silvano, uliandika njia yako," alimwambia. "Hukuandika yangu. Na nilikuwa nimesimama mbele yako."

"Nimekosa, ndugu yangu."

"Umekosa. Mitamba nimepokea na mkono wako nimeshika. Lakini kalamu yako siitaki tena."

Dabaso hakumtukana wala hakumsema vibaya kwa watu. Walipokutana sokoni walisalimiana, naye akauliza habari za Jecinta na watoto. Lakini nyumba ya Bulla Pesa hakuingia tena, na njia yake hakumwambia tena mwalimu. Kwa miaka zaidi ya tisa hili ndilo jambo ambalo mwalimu aliliombea kila Jumapili kuliko mengine yote: kwamba Dabaso aketi tena mbele yake, naye amuulize lile swali ambalo hakuuliza.

Hakukaa akiomba tu. Jumamosi tarehe 10 Januari 1976 alileta mkokoteni wa mchanga kutoka kwenye mto mkavu, akaumwaga uwanjani, na kuanza darasa la alasiri kwa wachungaji na wafanyabiashara wa mifugo, bure, ili kila mtu aweze kuandika barua yake mwenyewe. Siku ya kwanza walikuja watatu. Sheria ilikuwa moja. Hakuna kushika kalamu mpaka umechora njia yako mchangani kwa kidole, na kabla hujachora mwalimu atakuuliza, "Unapitia wapi?" Ukishachora, maneno madogo ya Kiingereza yaliwekwa moja moja mahali pake. Jiwe la nyumbani lilikuwa 'from'. Kidole kikienda sambamba na mto ni 'along'. Kikiingia upande mmoja wa kijiji na kutokea upande wa pili ni 'through'. Penye kizuizi, unaposimama na kungoja, ni 'at'.

"Ng'ombe wako wako 'in the river'," siku moja alimwambia Wario, mchungaji mmoja mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo. "Umewaacha ndani ya maji. Afisa akisoma hii atatuma watu na kamba."

"Basi watoe, mwalimu. Wanapata baridi."

"Wewe ndiye mwenye ng'ombe. Watoe."

Wario alisogeza kidole mpaka ng'ambo, akapumua kama mtu aliyevuka kweli, akaandika 'across'. Huyo Wario ndiye aliyeambiwa siku nyingine aingie chini ya meza ili watu waone 'under' ni wapi. Aliingia. Kutoka ndiko kulikuwa na kazi, na aliposimama alisimama nayo.

"Mwalimu!" sauti ilitoka jikoni. "Sasa meza iko 'on' Wario, na chai yangu iko 'on the ground'. Nani atapika ingine?"

Watu waligeuka kulitazama dirisha. Mwalimu akalifungua daftari la wanafunzi, akamwandikia Mama Jecinta ukurasa wake, na kumwita aje achore njia yake ya kwenda kuteka maji.

Alikuwako pia Abiba, muuzaji wa maziwa ya ngamia, ambaye hakuwa na ng'ombe wa kuombea pamiti. Alisema amekuja kwa sababu hapendi wanaume wajue kitu peke yao.

"'On Friday' na 'by Friday', mwalimu, si ni Ijumaa hiyo hiyo?"

"Ukisema utaniletea maziwa 'on Friday', nitakungoja siku ya Ijumaa. Ukisema 'by Friday', unaweza kuja Jumatano, Alhamisi, ama Ijumaa yenyewe, bora Ijumaa isikupite."

"Kumbe mimi ni mtu wa 'by'."

"Na maziwa?"

"Maziwa ni ya Jumatano," alisema Abiba, na siku hiyo darasa halikuendelea tena.

Daftari hilo lina jalada jeusi, na kila mwanafunzi ana ukurasa: jina lake, njia yake kama alivyoichora mchangani, na chini yake barua yake ya kwanza ya Kiingereza. Kurasa zilizoandikwa ni mia mbili na kumi na tatu. Ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa na jina tu, Dabaso Kalicha, Garbatulla, na chini yake hakukuwa na kitu. Wanafunzi wapya walipouliza, mwalimu aliwaeleza yote bila kujipunguzia kosa. "Nilijua kila neno," alisema. "Sikujua njia ya mwenzangu. Ndiyo maana hapa tunauliza kwanza."

Mwezi wa Agosti 1984 miguu yake ilianza kuvimba, na ikaonekana kwamba ugonjwa wa sukari ulikuwa umemkalia muda mrefu. Aliendelea kufundisha akiwa amekaa kitini, akionyesha kwa fimbo ndefu, na alilalamika kwamba fimbo haina adabu kama kidole. Alilazwa tarehe 28 Januari 1985. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, hasa kwa kuwa mgonjwa wao alisoma kila karatasi iliyotundikwa kitandani mwake na kuirudisha imesahihishwa. Siku ya Jumapili alipokea Mpako wa Wagonjwa. Alilala katika Bwana Jumanne tarehe 12 Februari, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Ameacha mjane, Mama Jecinta Akai, watoto watatu, Nakiru ambaye ni mwalimu, Lochoro na Aule, wajukuu wanne, dada yake aliye Kipsing, walimu wenzake, wanafunzi wa shule na wanafunzi wa mchangani, na mtu mmoja ambaye familia imeomba ahesabiwe pamoja na ndugu, ambaye habari yake ni hii.

Mwezi wa Oktoba mwaka jana, kiangazi kikiwa kibaya kuliko kile cha zamani, Dabaso alitaka tena kuleta ng'ombe Isiolo. Wario alikuwa sasa anafanya kazi kwake. Kabla ya kuandika barua, Wario alichuchumaa chini, akalainisha udongo kwa kiganja, akasema, "Unapitia wapi, mzee?" Dabaso alimtazama sana. Kisha akachora. Ng'ombe walifuata mto, wakafika kizuizi cha Gotu, askari akasoma, akainua mti. Wote walifika. Dabaso alimuuliza Wario amejifunza wapi kuuliza namna hiyo, na Wario akamweleza habari za mchanga na za ukurasa ule wa kwanza. Tangu juma lile, kila alasiri baada ya sala, Dabaso alimwita Wario amfundishe herufi.

Jumatatu tarehe 11 Februari, saa tisa, wakati wa kuona wagonjwa, Dabaso alisimama kwenye mlango wa wodi, kofia mkononi.

"Salaam aleikum, Silvano."

"Aleikum salaam, Dabaso." Mwalimu aliinua kichwa kwa shida. "Umepitia wapi?"

Dabaso akacheka mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka.

"Miaka tisa na zaidi! Kumbe unajua kuuliza."

"Mimi ni mzito wa kuelewa. Vumilia."

"Leo nimepitia Kula Mawe, kwa lori. Lakini wale ng'ombe wa mwaka ule walipitia mto."

"Nionyeshe."

Nakiru alitoa daftari kwenye mfuko uliokuwa chini ya kitanda. Dabaso aliketi ukingoni mwa kitanda, akafungua ukurasa wa kwanza, akachukua penseli na kuanza Garbatulla. Alichora polepole. Kila mstari ulipokata kona, mwalimu aliuliza.

"Hapa maji yalikuwako?"

"Yalikuwako."

"Na hapa?"

"Hapa walilala. Walikuwa wameshiba."

Penseli ilipofika Gotu ilisimama. Baada ya muda Dabaso aliendelea na mstari mpaka Isiolo, mahali ambapo wale ng'ombe wa mwaka 1975 hawakufika. Halafu, kwa mkono wake mwenyewe, akaandika chini mistari minne ya Kiingereza, herufi kubwa zilizoinama upande mmoja kama zinapigwa na upepo, akampa mwalimu.

Katika mstari wa tatu kulikuwa na kosa. Nakiru aliliona, na baba yake aliliona kabla yake, kwa maana kidole chake kilisimama hapo. Huyu ni mtu aliyekuwa akisahihisha hata kadi za harusi alizoalikwa. Aliondoa kidole, akafunga daftari, akaliweka kifuani.

"Sina la kusahihisha," alisema. "Ng'ombe wamefika."

Dabaso alimwombea dua kwa dini yake, na mwalimu akafanya ishara ya msalaba kwa dini yake. Walikaa wameshikana mikono mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia.

"Uende pole," mwalimu alisema. "Upitie kwa Jecinta, akupe chai."

"Nitapitia."

Alipitia. Saa kumi na moja na nusu jioni Dabaso Kalicha aliingia katika uwanja wa Bulla Pesa kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1975. Alikunywa vikombe viwili vya chai na kumwambia Mama Jecinta kwamba mzee wake ana macho mazuri bado. Alipoingia aliuzunguka mchanga, na alipotoka aliuzunguka tena, bila kuambiwa na mtu.

Mungu aliyeijua njia ya Silvano tangu Kipsing ampokee alipofika, ampe pumziko na amani yake.